Kompyuta Zangu Hazikuwa Zimezeeka

Kompyuta iliyotengenezwa mwaka 2008 inaweza kufanya kazi ya steshenari kutwa nzima na isigande. Nasema hivyo kwa sababu ninazo, ziko mezani kwangu hapa Tukuyu, jirani na stendi, na ndizo zinazolisha nyumba yangu. Mdogo wangu ana duka kama langu Kiwira sokoni, naye anatumia za aina hiyohiyo. Huku Rungwe, ambako Wamoravian walifungua misheni yao mwaka 1891, tumezoea ushuhuda: mtu anasimama mbele ya wenzake, anaeleza alikuwa katika hali gani, nini kilimpata, na sasa yuko wapi. Wangu ni wa kompyuta, na nautoa kwa moyo uleule.

Duka lilikuwa na mashine tatu. Mbili ni HP Compaq za mezani, zenye prosesa ya Core 2 Duo na kumbukumbu ya GB 2. Ya tatu ni kilaptopu kidogo chenye prosesa ya Atom na GB 1. Zote nilinunua mtumba, na zote zilikuwa zikifanyiwa kile ambacho kila mwenye steshenari anakijua: fundi anakuja na flashi yake, anapiga Windows, anaondoka. Wiki za mwanzo mashine inakimbia. Baada ya hapo inarudi kulekule.

Kazi yenyewe imebadilika mno. Zamani mteja alileta barua aliyoandika kwa mkono, ukamchapia. Siku hizi analeta simu: "Dada, nimekutumia kwa WhatsApp, nitolee kopi mbili." Kwa hiyo kivinjari kilibidi kiwe wazi muda wote kwa ajili ya WhatsApp, na Word iwe wazi, na ukurasa wa kuomba kazi au mkopo wa chuo uwe wazi vilevile. Kilichofuata mtu yeyote wa kazi hii anakijua. Taa ya diski inawaka bila kupumzika, kishale kinazunguka, unabofya na hakuna kinachojibu. Mteja anachungulia nje, Coaster ya Mbeya inaita abiria. Katika msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu foleni ilifika barazani, vijana wamekumbatia bahasha zao wasilowe, maana Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na nyingi huja kwa kishindo. Wengine walikata tamaa wakapanda gari kwenda kufanyia Mbeya.

Mafundi wakanipa hukumu: mashine zimezeeka, nunua nyingine. Wanunuzi wa vyuma chakavu nao walikuwa wanapita na mizani yao.

Aliyenitoa huko ni mtoto wa kaka yangu, anayesomea kompyuta Mbeya. Alikuja likizo, akakaa dukani akiangalia tu. Jioni akaniambia, "Shangazi, usiuze kitu. Nipe ile iliyokushinda kabisa."

Alifanya jambo ambalo sikuwahi kuona fundi akilifanya: alinionyesha ugonjwa kwanza, kabla ya kugusa dawa. Akafungua kile kidirisha cha Windows kinachoorodhesha programu na kiasi cha kumbukumbu inachokula kila moja. Hapakuwa na kilichofunguliwa zaidi ya kivinjari chenye WhatsApp, na kati ya zile GB 2 hapakubaki nafasi ya maana. Akanieleza kwamba kumbukumbu ikijaa kompyuta haisimami. Inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni ya polepole mara maelfu kuliko kumbukumbu. Taa niliyokuwa naitazama kwa hasira miaka yote ilikuwa inanionyesha uhamisho huo. Prosesa yangu haikuwa imechoka hata kidogo. Muda mwingi ilikuwa inasubiri diski.

Kisha akachomeka flashi yenye Debian, mfumo endeshi huria wa familia ya Linux, ukiwa na mandhari nyepesi iitwayo LXDE. Mashine ikawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichokuwa ndani ya diski. Akafungua dirisha la amri, akaandika neno moja, "free", na jibu likatoka kwa tarakimu: mfumo mzima, ukiwa umewaka na menyu na saa na msimamizi wa mafaili, ulikuwa unatumia chini ya MB 400. Zilizobaki zote zilikuwa zangu. Nilikaa kwenye kile kiti nikafungua barua, nikafungua lahajedwali, nikafungua kivinjari, na taa ya diski ikawa inapepesa mara mojamoja kisha inatulia. Nataka msomaji aelewe kilichotokea pale. Ni mashine ileile. Hakuongeza hata skrubu.

Swali langu la kwanza lilikuwa la kuchati, kwa sababu bila kuchati steshenari ya leo haipo. Jibu lake ndilo lililobadilisha fikra zangu, na naliandika kwa kirefu.

Programu nyingi za kuchati za mezani siku hizi zimejengwa juu ya kitu kiitwacho Electron, kilichoanzia GitHub mwaka 2013 kwa ajili ya kihariri chao cha Atom. Electron inampunguzia mtengenezaji kazi, kwa kuwa anaandika mara moja na programu inaenda Windows, Mac na Linux. Lakini kila programu ya namna hiyo inabeba kivinjari kizima cha Chromium ndani yake. Signal ya mezani imo katika kundi hilo, Slack imo, Discord imo. Ukifungua mbili, umefungua vivinjari viwili, juu ya kile ulichokuwa nacho. Mwenye kompyuta mpya ya GB 16 hahisi chochote. Mwenye GB 2 anaambiwa mashine yake imekufa.

Na kuchati kwenyewe ni maneno tu. Mfumo wa kuchati uitwao IRC ulibuniwa mwaka 1988 na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, kwenye kompyuta zenye kumbukumbu ndogo mno kuliko za leo, na watu walizungumza kutoka nchi hadi nchi. Mwaka 1999 Jeremie Miller alitangaza mfumo mwingine, Jabber, na mwaka 2004 itifaki yake, yaani kanuni zake za mawasiliano, ikapitishwa kuwa kiwango cha wazi cha intaneti kwa jina la XMPP. Hakuna kampuni inayoimiliki. Mtu mwenye akaunti kwenye seva moja anaongea na mwenye akaunti kwenye seva nyingine, kama unavyotuma pesa kutoka M-Pesa kwenda Airtel Money. Na kwa sababu kanuni zake ziko wazi, yeyote anaweza kuandika programu ya kuitumia, nzito au nyepesi, ya madirisha au ya maandishi matupu.

Basi tukasimika. Ndani ya duka tuliweka Pidgin. Programu hii ni ya zamani; ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 ikiitwa Gaim, ikabadili jina mwaka 2007, na sifa yake ni kuzungumza itifaki nyingi kupitia dirisha moja. Mojawapo huitwa Bonjour, nayo haihitaji seva, akaunti wala intaneti: kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani zinaonana zenyewe. Bando limekwisha, mnara umezima, sisi tunaendelea. Nikiwa meza ya mbele naandika "kurasa 12, mbele na nyuma, weka spairo," na kijana wa printa anaona papo hapo. Faili lenyewe liko kwenye folda tunayoshirikiana. Tumeacha kupiga kelele juu ya vichwa vya wateja.

Kati ya Tukuyu na Kiwira tunatumia Gajim, programu ya XMPP inayotuma mafaili vizuri. Mdogo wangu hana printa ya rangi, kwa hiyo vyeti vya ubatizo, kadi za harusi na picha za marehemu za kuweka kwenye jeneza vinakuja kwangu. Zamani picha ilipitia simu mbili na kufika imefifia, na ikiwa ni picha ya msiba, familia inakuangalia usoni. Sasa faili linafika kama lilivyotoka. Kwenye simu zetu tunayo Conversations, na ujumbe uleule unaonekana kwenye simu na kwenye kompyuta.

Kile kilaptopu cha Atom hakikuweza vizuri hata Gajim. Humo tuliweka Profanity, ambayo ni maandishi tu kwenye dirisha jeusi. Hakuna vitufe, unaandika amri. Binti anayenisaidia, aliyemaliza kidato cha nne, alijifunza kwa mchana mmoja. Anaandika alama ya mkwaju, anaandika amri, anapiga Enter, ujumbe umekwenda. Ni mashine ya GB 1, na inajibu upesi kuliko zile za GB 2 zilivyokuwa zinajibu zamani.

Naomba niseme habari ya flashi, kwa sababu ndiyo iliyowaleta majirani dukani kuja kutazama. Kila steshenari ya nchi hii inavijua virusi vya njia ya mkato. Mwalimu mmoja wa upande wa Masoko alikuja jioni, mtihani wa darasa la sita unafanywa kesho yake asubuhi. Flashi yake ilikuwa imepita kwenye kompyuta nyingi. Ndani yake, alisema, kumebaki kitu kimoja tu chenye jina la flashi yenyewe, na kila akikibofya hakifungui mtihani. Alikuwa tayari kukaa usiku kucha kuandika upya.

Nikaichomeka. Virusi vya namna hiyo havifuti mafaili. Vinayasukuma ndani ya folda ambayo jina lake ni nafasi tupu, vinaipa alama ya kufichwa, halafu vinaacha njia ya mkato ya uongo mlangoni ili ukiibofya vipate kuingia kwenye mashine yako. Lakini alama ile ya kufichwa ni makubaliano ya Windows. Msimamizi wa mafaili wa Debian haifuati, na programu ya virusi iliyoandikiwa Windows haina pa kuanzia hapa. Kioo kikaonyesha kila kitu waziwazi: njia ya mkato, faili la virusi lenye herufi zisizo na maana, na pembeni folda isiyo na jina. Nikaifungua. Hisabati ilikuwapo. Sayansi ilikuwapo. Maarifa ya Jamii ilikuwapo. Nikanakili kwenye diski, nikasafisha flashi, nikarudisha kazi yake humo, na wakati huohuo nikamwandikia kijana wa printa kwenye Pidgin aanze kutoa Hisabati. Mwalimu aliweka mikono yote miwili juu ya meza akasema, "Ndaga fijo, mama," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Tangu siku hiyo walimu wanatumana kwangu.

Sitaficha magumu. WhatsApp haina programu rasmi ya Linux, na wateja wetu wataendelea kutumia WhatsApp; sina nguvu ya kuwahamisha na sijaribu. Tulichofanya ni kutenga simu moja ya duka. Mteja anatuma huko, simu imeunganishwa na kompyuta kwa waya, tunavuta faili moja tunalolihitaji. Ni hatua moja zaidi, lakini imeondoa kivinjari kizito kilichokuwa kinanyonya mashine kutwa nzima. Printa nazo: moja ilikubali bila tabu, nyingine ilitusumbua kwa muda mrefu kwa sababu mtengenezaji wake hajaweka kiendeshi kizuri cha Linux. Kabla hujanunua printa, uliza hilo kwanza. Na barua zilizoandikwa kwa Word huweza kuhama mistari ukizifungua kwa LibreOffice, programu ya ofisi tunayotumia sasa, hasa pale herufi za Calibri zinapokosekana. Dawa yake ni kusimika herufi za Carlito, ambazo zina vipimo sawa na Calibri, na Liberation kwa ajili ya Times New Roman. Kwa kazi nyeti kama mtihani au mkataba, namwomba mteja alete PDF.

Bando lilinitia hofu mwanzoni, maana kusimika programu kwa mashine tatu ni kupakua mara tatu. Mtoto wa kaka akanionyesha kwamba Debian inaweza kuhifadhi vifurushi ilivyopakua kwenye folda moja, na folda hiyo unaweza kuinakili kwa flashi kwenda mashine nyingine. Tulipakua mara moja Tukuyu. Kiwira walipata kwa flashi iliyopanda Noah.

Kuna jambo linanigusa zaidi ya kasi. Watu wa umri wangu tunaikumbuka Yahoo Messenger, enzi za intaneti kafe, unalipia nusu saa kuzungumza na ndugu aliye ughaibuni. Ilifungwa Julai 2018, na hakuna mtumiaji aliyeulizwa. Programu huria nazo huishiwa nguvu, sitaki kumdanganya mtu: HexChat, programu nzuri ya IRC, ilitoa toleo lake la mwisho mapema mwaka 2024 na mtunzaji wake akaeleza kuwa anaacha. Tofauti ni hii, kwamba msimbo wake upo wazi. Anayeihitaji anaendelea kuitumia, na mwenye ujuzi anaweza kuishika. HexChat yenyewe ilizaliwa hivyo, kutoka kwa XChat iliyokuwa imelala.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Watanzania walikaa wakatafuta maneno ya menyu moja baada ya nyingine, na waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa huria. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Naona fahari kwa kazi ile, na naona uchungu kwamba watoto wengi wanaosoma kompyuta hapa wilayani hawajawahi kuisikia.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10. Windows 11 inadai angalau GB 4 za kumbukumbu na chipu ya usalama ya TPM 2.0, vitu ambavyo mashine nyingi za mtumba zilizoko kwenye shule, ofisi za vyama vya ushirika na maduka ya wilaya hii hazina. Jirani zangu wengine walishtuka. Kwangu siku ile ilipita kama siku nyingine. Asubuhi Debian ilileta masasisho yake ya usalama kama kawaida.

Nimebadilika mimi pia. Nilikuwa mtu anayemwita fundi na kusubiri. Sasa naijua mashine yangu: najua kumbukumbu imekaa wapi, najua kipi kinaila, na nikiona kitu kimeelemewa natafuta sababu kabla sijatoa pesa. Najali pia karatasi za watu kwa namna ambayo sikuwa najali. Kwenye kompyuta za steshenari kuna vitambulisho vya NIDA, vyeti, fomu za mirathi, majibu ya hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatuhusu na sisi wenye maduka madogo. Mimi na mdogo wangu tumewasha usimbaji wa OMEMO kwenye Gajim, ambapo hata mwenye seva hawezi kusoma tunachotumiana, na kila jioni folda ya kazi za wateja inafutwa. Mama aliyeleta fomu ya mirathi ya mumewe anastahili hilo.

Kwa hiyo wewe mwenye kompyuta uliyoambiwa imekufa, uwe Tukuyu, Kyela, Busokelo au popote, usimwite mtu wa mizani kwanza. Nakili kazi zako pembeni. Tafuta flashi ya GB 4 au zaidi na mtu wa kukutengenezea Debian au mfumo mwingine mwepesi wa kuwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Jaribu bila kufuta kitu, uangalie kama sauti, mtandao na printa vinafanya kazi. Kama prosesa yako ni ya biti 32, chukua Debian 12, kwa kuwa Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Ukipata mashine mbovu ya mtu, chomoa kumbukumbu yake uijaribu kwenye ya kwako, kwa sababu GB 1 ya ziada kwenye mashine ya zamani ni neema kubwa. Na ukipita Tukuyu stendi na kompyuta yako, ingia. Flashi ninayo, na kuitazama mashine yako sitakutoza.